Mapanki na Suti ya Kanisani

Mjukuu wangu Neema, shikamoo yako imefika, marahaba. Sote wazima, na mimi bado ndiye mtanashati wa hapa mtaani Nyakato.

Umeuliza umtie moyo vipi rafiki yako aliyepunguzwa kazini. Miaka ya tisini jirani yetu Mama Bhoke alipunguzwa kiwandani, akaanza kukaanga mapanki, ile mifupa ya sangara inayobaki kiwandani minofu ikishatolewa. Kwa aibu akajificha nyuma ya nyumba. Nani angenunua?

Jumapili nikatoka kanisani na suti yangu, nikahamishia jiko lake barabarani, nikaketi kula.

“Shemeji, utachafuka!”

“Kaanga, mama! Watu wananiangalia!”

Kweli wakaja, wakapanga foleni. Mahubiri ya siku ile nimeyasahau. Namkumbuka Mama Bhoke akicheka: “Inuka shemeji, umekalia kiti cha mteja!”

Babu yako