Kutu ya Marekani

Dada yangu Zuhura,

Asalaam aleikum. Hamjambo huko Wete? Goti la Mama limepoa, au bado linamfanya amgombeze kila mtu? Barua hii naipiga picha nakurushia kwenye simu. Msomee, maana sauti za simu haziamini. Mimi mzima, mzuri kuliko nilivyoondoka, ila miguu inaniwasha kuhama. Nishahama vyumba vitatu, na hiki cha Tottenham, hapa London, nacho kishaanza kunichosha.

Lakini kazi ninayo ya kuringia! Niko karakana ya Bwana Jayanti, Mhindi mzaliwa wa hapo hapo Wete. Tunatengeneza mabango ya zamani ya Marekani, ya gesti na vituo vya petroli vya kando ya barabara, yenye taa za neon: mirija ya kioo iliyopindwa ikawa herufi, ikiwashwa utadhani kaa la moto. Moja lina mshale unaokimbia, unakimbia, na haufiki. Huyo ndugu yangu kabisa.

Wiki iliyopita bosi akaniambia, "Hamadi, lisafishe hili." Unanijua. Mama alitufundisha kusugua sufuria mpaka ujione meno. Nikaivua mirija, nikasugua bati siku mbili, nikalipaka rangi mpya. Nikamwita bosi, mkono kiunoni.

Akakaa juu ya ndoo. "Nilisema ufute vumbi! Kutu iko wapi?"

"Nimeimaliza yote, bosi."

"Mwehu wee! Mteja kanunua kutu! Jipya si angechongesha tu?"

Mteja anakuja Jumamosi. Kutu isiporudi Ijumaa, naondoka mimi. Kuondoka nimezoea, dada, ila hapa sitaki. Mshale ule ulikuwa umekufa, nyaya zake nimeziunga mimi, ukakimbia. Hapa karakanani ndipo mahali pekee London ambapo siutazami mlango.

Basi rangi nimeikwangua, kila asubuhi nalimwagia siki na chumvi. Kutu inaota, lakini bosi anasema ni ya uongo, imekaa kama upele. Hebu leo hii nipigie picha mabati ya jiko letu la uani, karibu kabisa, pale kwenye misumari, nione kutu ya kweli inavyoshuka. Ndiyo, yale yale niliyojigamba nitayang'oa nikifika Ulaya. Msiyaguse! Na usinicheke.

Nisalimie shemeji, huyo mumeo anayekoroma, na shangazi wa maandazi. Mwambie ya huku hayana hata iliki.

Mdogo wako mtanashati,
Hamadi

Ukimsomea Mama, pa kutu paruke. Sema mwanao anasafisha, na wazungu wameduwaa.