Nesi, Rudisha Pale

Jumanne, 6 Mei 2025
Hedifoni zimekufa. Sikio la kushoto liliondoka Pasaka, leo na la kulia. Na juzi nilipita njia panda ya Mkiwa kwenye mtandao wa maana, nikapakua podikasti mpya za wakunga, dakika saba saba. Nife nazo? Nikaweka simu sauti juu, nikaendelea kupanga kadi za kliniki. Kipindi cha presha ya mimba.

Benchi lote la kina mama likatega sikio! Nikasikia Kuluthumu, yule muuza kuku, akisema: nesi, rudisha pale pa uso kuvimba. Nikarudisha. Mara tatu!

Jumatano, 7 Mei
Barua. Damiani, bosi wa zahanati, kanipa mkononi bila hata kuniangalia. "Kupiga redio kazini." Nijieleze ndani ya siku saba, nakala wilayani. Miaka tisa nazalisha watu hapa, napandishwa daraja Julai, leo redio!

Nikamwambia ni mafunzo. Akasema mafunzo ni semina, Sista Rebeka. Semina ina cheti.

Na posho, baba. Sema na posho.

(Sikusema. Nimesema hapa.)

Alhamisi, 8 Mei
Nimeandika majibu, nimechana. Nimeandika tena. Nina hasira mpaka ugali haupiti.

Jumamosi, 10 Mei
Hii lazima niiandike leo leo.

Saa nne asubuhi bodaboda inaingia, Kuluthumu kamshikilia wifi yake Amne, mimba ya miezi minane. Hata salamu hakunipa. Nesi, yule wa kwenye simu yako alisema kichwa, macho kuona nyota, uso kuvimba. Huyu anavyo vyote!

Nikapima. 180 kwa 120. Mungu wangu. Mkojo umejaa protini.

Damiani akasema tupime malaria kwanza, tumpe panadoli, gari la wagonjwa likija wataamua huko mbele. Nikamwona jasho. Dawa ya kuzuia kifafa cha mimba iko kabatini, hajawahi kuichoma hata siku moja. Mimi pia sijawahi! Ila nimeisikia mara nne: gramu tano tako la kulia, tano la kushoto, usisubiri gari.

Nikasema, bosi, nachoma. Andika jina langu.

Nikachoma. Nikampa na ya kushusha presha. Gari likaja saa sita na nusu. Hakushikwa na degedege hata moja. Hata moja!

Jumapili, 11 Mei
Simu ya Kuluthumu nikiwa natoka kanisani. Amne kajifungua kwa upasuaji. Mama mzima. Mtoto wa kike, mdogo ila analia kama ana kesi. Nimepiga kigelegele palepale mlangoni, mzee wa kanisa akanitazama. Anitazame!

Jumatatu, 12 Mei
Damiani kaniamkia kwanza. Ajabu! Kazunguka weee, mwisho akauliza kile kipindi ni namba ngapi. Nikamrushia. Nikauliza, na barua? Akashika kichwa. Nakala ilishaenda. Wa wilayani wanakuja kesho kunihoji.

Nimeamua: sifuti hata kipindi kimoja.

Jumanne, 13 Mei
Naandikia mapajani, nyuma ya kadi mbovu, dirishani. Benchi limejaa tangu saa moja, na nusu yao hawana hata mimba! Nimewauliza mnaumwa nini. Tunasubiri kipindi.

Gari la wilayani limefika saa tatu. Mama mmoja wa miwani, barua yangu mkononi. Damiani kakimbia kumpokea. Kabla sijafungua mdomo Kuluthumu kasogea, kapigapiga benchi: shikamoo mama, karibu uketi, kinaanza.

Kaketi! Katikati yao, barua magotini.

Simu iko juu ya mzani wa watoto. Leo ni kutoka damu baada ya kuzaa. Dakika ya kwanza, uso mkavu. Ya tatu, kavua miwani. Damiani kasimama mlangoni na daftari, anaandika. Damiani!

Dakika ya tano. Mama kainua kidole. Wanawake wote wamegeuka kunitazama.

"Sista," kasema, "hebu rudisha pale—"