Msalaba wa Baba

Thamesmead, London
9 Machi 2025

Mpendwa mdogo wangu Nadim,

Assalaam alaykum. Mgongo wako unaendeleaje? Watoto hawajambo? Huku tu wazima, ila baridi haijui kuaga.

Barua yako niliisoma nimesimama, viatu bado miguuni. Kumbe Norbert, aliyeingia shambani kwetu Rumonge tulipokimbia vita, ndiye aliyeikuta maiti ya Baba kwenye michikichi akaizika. Hakumjua ni nani, akamwekea msalaba. Miaka yote hii Baba, mwadhini wa msikiti, amelala chini ya msalaba! Loh.

Sikulia, Nadim. Nikufiche nini? Nilikwenda kazini, nikamwogesha Lorraine, bibi mzungu ninayemtunza, nikamkata kucha. Moyo kimya, kama chumba kilichohamwa. Mwanangu Matar alipoiona picha ya kaburi akauliza, kwa Kiingereza chake, kama babu yake alikuwa Mkristo. Nikamwambia akaoshe vyombo.

Sasa unataka neno langu kama mkubwa wa nyumba. Wazee wamesema shamba ligawanywe nusu kwa nusu, wewe na Norbert, na kinu cha ushirika hakipokei chikichi za shamba lenye kesi. Wewe umekataa kwa sababu kaburi liko kwenye nusu ya Norbert. Miye ndiye niliyekufundisha kukataa. Usimpe hata kuti moja, nilikuwa nakwambia kwenye simu. Huku mtu hukasirika vizuri akishashiba.

Watu husema yaliyopita si ndwele. Thubutu! Ndwele ndiyo hiyo hiyo. Lakini wanao wanataka kula na kusoma, na wa Norbert vilevile.

Kubali. Pandeni miti ya mpaka pamoja, kila mmoja na mche wake mkononi, mbele ya wazee, kama desturi. Msalaba autoe Norbert mwenyewe, asije akaona tumemtukana. Halafu imamu amsomee Baba dua.

Kaburi libaki upande wake. Kuna jambo sijawahi kukwambia. Siku ile tulipokimbia nilimwona Baba ameanguka, anapumua bado. Nikakushika mkono, tukampita. Sikugeuka.

Nisalimie mkeo, na shangazi Mwanaidi, na Placida, mke wa Norbert. Mola awajalie mvua ya kiasi na usingizi mzuri.

Norbert naye msalimie. Mwambie binti wa marehemu anasema ahsante.

Akupendaye siku zote,
Dada yako Zaituni