Mama Alipokuona Kwenye Runinga

Chuno, Mtwara

Kaka Evodi,

Shikamoo. Sisi hatujambo, korosho za Mama zimeanza kuanguka.

Jumapili niliunganisha kompyuta na runinga kwa waya wa HDMI, ili Mama akuone vizuri tukikupigia simu ya video. Kwenye kioo kidogo cha simu alikuwa akitambua uso tu. Safari hii aliona sindano ya dripu mkononi mwako.

"Evodi, unaumwa?" akauliza.

Ukakata. Tangu hapo hupokei simu zetu.

Mwenye nyumba wako ametuambia umelazwa, wiki ya tatu sasa. Nilimsihi Mama asubiri kwanza. Akasema, "Nikae hapa nisubiri kuletewa habari za mwanangu?"

Barua hii anakuletea yeye mwenyewe. Ukimaliza kuisoma, mwambie ukweli wote.

Mdogo wako,
Sabina