Tumbo Lipi, Mwanangu?

Shangazi mshauri, shikamoo, naomba msaada wako upesi maana nikicheka tena ofisini watanipeleka kupimwa akili, na jambo lenyewe linachekesha kweli, mpaka ufikirie mwisho wake ndipo unanyamaza.

Mimi ni mwanamke wa takwimu katika ofisi ya afya, kazi yangu ni kukusanya hesabu za wagonjwa kutoka kila zahanati na kuziingiza kwenye kompyuta, nayo inachora ramani, penye ugonjwa panakuwa pekundu, pasipo na ugonjwa panakuwa kijani, na bosi wetu, ambaye kwa siri tunamwita Mzee Grafu, anaitazama ramani ndipo anaamua dawa ziende wapi na wauguzi waende wapi, na hiyo kompyuta aliipigania mpaka sauti ikamkauka, kwa sababu zamani dawa zilikuwa zinapelekwa kwa yule anayepiga kelele zaidi.

Sasa kuna zahanati moja ya mbali, mtandao wake ni wa kubahatisha, basi muuguzi wa huko hunitumia hesabu kwa sauti kwenye simu, na Sista huyo Mungu kamjalia mdomo, haongei kama fomu, anaongea kama yuko sokoni, akanitumia, "Shoga yangu, huku ni matumbo tu! Matumbo kila kona! Benchi halitoshi, leteni msaada!" akataja idadi, na mimi bila kufikiri nikaiingiza yote kwenye kisanduku cha kuharisha, weee Shangazi, ramani ikawaka nyekundu kama pilipili, Mzee Grafu akaruka kwenye kiti, akaagiza ndoo, sabuni, dawa ya kutibu maji na pakiti za chumvi na sukari, gari likajaa mpaka dereva hana pa kuweka miguu, na kwa kuwa kisanduku cha wajawazito kilikuwa na sifuri, akamhamisha mkunga wa pale kumpeleka kwingine. Gari likiwa bado njiani Sista akatuma hesabu nyingine, matumbo yamepungua kidogo, nikaiingiza kule kule, mstari wa grafu ukashuka, na Mzee akapiga makofi!

Gari lilipofika Sista akanipigia. "Wewe! Nimekwambia wanawake wana mimba, mnaniletea dawa ya kuhara? Niwanyweshe ili iweje? Waliopungua ni waliojifungua!" Nikakaa sakafuni nikacheka mpaka machozi, naye akacheka, kisha akasema, "Cheka tu, lakini mkunga wangu mmempeleka wapi? Na wifi yako yuko kwenye benchi hilo hilo, tumbo limeshashuka."

Nikaacha kucheka. Huyo ni mke wa kaka yangu, na mimba hiyo ameisubiri miaka.

Tangu hapo najaribu kumwambia Mzee Grafu, lakini nikifungua mlango namkuta anaimba, ananiambia, "Binti yangu, umeona takwimu zinavyookoa watu?" nami kicheko kinanipasuka natoka mbio, na yeye anadhani ni furaha. Wiki ijayo ataionyesha grafu hiyo kwa wakubwa, na mimi ameniandikia cheti cha sifa. Nikisema namvunja moyo, na kompyuta yenyewe labda wataifungia stoo. Nikinyamaza, wifi yangu je? Nifanyeje, Shangazi?

Mimi Mcheka Ovyo

*

Marahaba, Mcheka Ovyo. Barua yako nimeisoma na chai ikanitoka puani, kwa hiyo mpaka hapo tuko sawa. Sasa funga mdomo unisikilize.

Eneo zima halina mjamzito hata mmoja, nawe hukushtuka? Ulidhani waume wote wa huko wamehama? Sifuri nayo ni habari, mwanangu, ilikuwa inakuita kwa jina ukaipita. Na ugonjwa gani huo unapona kwa ndoo ambazo bado ziko garini? Mzee wa watu furaha imemziba macho, sawa, lakini wewe umeajiriwa kutazama. Sikuchukii. Mimi mwenyewe nilishampa jirani pole ya tumbo, kumbe ni mapacha.

Unaogopa kumvunja moyo. Kwani aliipigania kompyuta ili apate grafu nzuri, au ili mkunga awe pale penye uchungu? Ni mtu mzima huyo. Atakasirika, atakunywa maji, atapiga simu. Kompyuta itafungiwa stoo siku wakubwa watakapoligundua kosa hili wenyewe, na mtu ameshaumia.

Mdomo wako hauaminiki, usiutumie. Ukimaliza kusoma hapa inuka, ingia kwake, weka simu mezani, mfungulie sauti ya Sista, halafu mpigie Sista aseme mwenyewe ni matumbo gani hayo. Ukicheka, cheka, ila usitoke chumbani humo mpaka mkunga awe amepanda gari kurudi. Kisanduku kirekebishe leo. Na kwa wakubwa Mzee aende na grafu zote mbili, ya makosa na iliyorekebishwa, awaeleze jinsi neno moja lilivyomhamisha mkunga, maana nina hakika si kwenu tu. Cheti rudisha, kitakuja kingine. Na Sista akitamka tena "tumbo", muulize papo hapo: la kuzaa au la kuendesha?

Haya, kimbia. Wifi yako hawezi kujifungulia kwenye ndoo. Na mtoto akishalia, muingize wewe mwenyewe kwenye kompyuta, mtu mmoja, kwenye kisanduku chake. Hapo ndipo ucheke mpaka wakufukuze ofisini.