Nusu ya Habari za Kaizari

Alhamisi, Novemba 1983. Kijijini, jirani na Didia.

Tangu asubuhi mawingu yanajikusanya na kutawanyika, na mimi niko vivyo hivyo. Darasani nimefuta ubao mara tatu bila kuandika kitu. Wanafunzi wakaanza kutazamana, nikawatoa nje wakapalilie bustani ya shule.

Naandika haya jua likiwa bado juu. Jikoni mke wangu, Mama Kulwa, anatwanga, na kila mchi unapotua nasimamisha kalamu. Anachotwanga ni mahindi ya mbegu.

Haya yote nimeyaanzisha mimi.

Mwezi uliopita walinzi wa kijiji, ambao mimi ni katibu wao, walikutana kwenye zizi la Baba Mdogo Masanja, kamanda wetu. Maneno yalipowaishia wakaniomba niwasimulie kitu cha vitabuni. Nikawapa kaizari mmoja wa Bizanti, dola la Roma ya mashariki, niliyemsoma seminari, kabla sijaacha masomo ya upadri. Nikasema alikuta dola limepoteza nchi za magharibi tangu enzi za waliomtangulia, akaazimia kuzirudisha. Akatuma majeshi kwa merikebu, akarudisha Afrika ya kaskazini, akarudisha Italia na Roma yenyewe. Watu walipiga makofi. Baba Mdogo akainuka, akanikalisha kwenye kigoda chake mwenyewe.

Kigoda kile kiliniponza. Nikaikata habari hapo hapo.

Sikusema kwamba macho ya kaizari yalipokuwa magharibi, mpaka wa mashariki ulibaki na askari wachache, Waajemi wakaingia na kuchoma mji mkubwa. Sikusema kodi za vita na za majengo yake ziliwakamua wakulima hadi wengine wakayakimbia mashamba. Wala sikusema kwamba alipokufa tu, haikupita miaka mingi, sehemu kubwa ya Italia ikaponyoka tena. Yote niliyajua. Nilitaka makofi, basi.

Jumapili Baba Mdogo akatangaza kwamba Jumamosi hii wanaume wote wenye nguvu wataondoka kwenda magharibi, ng'ambo ya Ushirombo, kurudisha ng'ombe wetu walioibwa mwaka ule wa njaa. Akasema kama kaizari wa mwalimu wetu huyu aliweza, sisi tunashindwa nini? Ni karibu miaka kumi sasa. Ng'ombe wale, kama wapo, ni vikongwe. Tutakaowakuta ni wajukuu wao.

Kila nyumba itoe debe la unga wa safari. Michembe, viazi vyetu vya kukausha, iliisha kitambo, kwa hiyo wanawake wanashusha mbegu iliyotundikwa juu ya moshi jikoni. Na mvua ndiyo hii inapiga hodi. Nani atalima? Nani atawalinda ng'ombe tulio nao?

Leo mchana nilitoka shule moja kwa moja hadi kwake. Nilimwamkia, akaitika, nikamsimulia nusu iliyobaki bila kuruka kitu. Alisikiliza kwa utulivu huku akisuka kamba, nikadhani nimemgusa.

"Huyo kaizari alikufa lini?" akaniuliza.

"Zamani sana, Baba. Imepita miaka elfu moja na mia nne."

Akatabasamu. "Na wewe wa huku kwetu bado unalijua jina lake. Wale wakulima wake, hebu nitajie jina la mmoja."

Nikamuaga. Nimerudi nyumbani nikipiga mawe kwa kiatu kama mtoto.

Nilimweleza Mama Kulwa yaliyonikuta. Hakuuacha mchi.

"Mbegu nusu nimeshaificha, Baba Kulwa. Iko kwenye chungu, chini ya kitanda cha watoto. Debe nitalijaza pumba chini, unga juu."

Nilicheka, kisha kicheko kikanikauka. Sisi tutapanda. Na majirani je, ambao leo nimesikia michi yao njia nzima?

Naogopa. Hapa kwetu anayempinga kamanda hutengwa: hasalimiwi, hapewi moto, hachoti maji na wenzake. Nimewahi kuandika barua ya kumtenga mtu kwa mkono huu huu. Najua mke wake alivyokuwa akipita na ndoo yake peke yake, kichwa chini.

Lakini kuna daftari hapa mezani, na tangu nikae sijaacha kulifungua na kulifunga. Kesho asubuhi walinzi watakusanyika zizini na mimi ndiye nitakayesoma orodha ya wanaokwenda. Baba Mdogo aliniuliza jina la mkulima mmoja wa kaizari. Wa kwake ninao wote humu, nimewaandika mwenyewe, kila mmoja na jina la baba yake. Wengi nimewafundisha kusoma.

Kesho, kabla ya jina la kwanza, nitawamalizia habari ya kaizari.

Nitaisema nimesimama. Kigoda sikitaki.