Nimemwita Mwanangu Pele, Mama Mkwe Anasikia Upele

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla Litapunga nzima haijanimaliza kwa kicheko. Mimi ni beki wa timu ya kijiji, beki wa benchi kwa kweli, maana nikiingia uwanjani kipa wetu huanza kusali, lakini mwaka jana niliposikia redioni Pele ametwaa tena Kombe la Dunia niliapa mwanangu wa kwanza ataitwa hivyo, basi mke wangu Theopista akajifungua dume, nami nikazunguka kijiji nikitangaza, "Pele amekuja!" na watu wakanipa pole wakidhani nawashwa. Mama mkwe akaja kutoka Nsemulwa kumwona mjukuu, akauliza jina, nikamtajia, akashtuka: "Baba, mtoto mzuri hivi unamwita ugonjwa wa ngozi?" Yeye alitaka Gelasius, jina la marehemu mumewe, nami kwa ujuaji wangu nikamjibu, "Mama, kwani mzee alifunga mabao mangapi?" Nilidhani natania, kumbe mama ameanza kufunga mizigo, na kesho yake mtoto akatokwa na vipele mwili mzima, Theopista akambeba wakaondoka na mama yake. Ubatizo ni mwisho wa mwezi, padre ananiuliza Mtakatifu Pele ni wa nchi gani, na wenzangu wa timu wananiita Baba Upele. Je, nilipiganie jina au nikubali kufungwa?

Cletus, Litapunga, Mpanda

Ndugu Cletus,

Pole, ingawa nimecheka mpaka mhariri akaja kunichungulia. Kumpenda Pele si kosa. Lakini mjane wa watu alikuja akitumaini kusikia jina la mumewe likiitwa tena nyumbani, wewe ukamuuliza mabao! Tena umeandika barua nzima bila kusema vipele vya mtoto vimefikia wapi. Hapo umeniudhi kweli.

Sasa sikiliza. Nenda Nsemulwa mwenyewe, usitume mshenga. Piga magoti, sema, "Mama, nimekukosea wewe na marehemu baba," kisha ufunge mdomo. Habari za Brazili ziache nyumbani. Mpelekeni mtoto zahanati. Abatizwe Gelasius. Akija kuujua mpira, washangiliaji watamwita Pele wenyewe bila kuombwa, na akirithi miguu yako, atakushukuru sana kwamba hukumpa jina hilo.

Theopista umwombe msamaha peke yake, mama yake asiwepo. Tafuta baiskeli leo hii. Jibu langu lisikukute Litapunga.